Kifusi cha Minago: Kina Thamani Gani, na Ni Mali ya Nani?

Mvua za miaka ya 2020 na 2021, na tena zile za mwishoni mwa 2023 hadi 2024, zililipandisha Ziwa Tanganyika hata likaingia katika makazi ya watu, tangu Gatumba na Kibenga kule Bujumbura hadi Rumonge na Nyanza-Lac upande wa kusini. Majirani zetu wa Uvira, Kalemie na Kigoma nao walionja machungu hayo hayo. Katika nchi nzima ya Burundi, watu zaidi ya 200,000 waliathirika kwa mafuriko na maafa mengine ya mvua kati ya Septemba 2023 na Aprili 2024, na katikati ya Aprili hiyo Serikali ilitoa mwito rasmi wa msaada.

Mengi yamesemwa juu ya watu na mashamba. Sisi leo twapenda kuzungumza na askari wetu, wa jeshi na wa polisi, juu ya jambo ambalo halina heshima sana mbele ya macho ya watu, nalo ni kifusi. Nyumba ikianguka, au ikibomolewa kwa amri, lile zege lake huenda wapi, na lina faida kwa nani?

Tuuchukue mwambao wa Minago, katika eneo la Rumonge ambalo tangu mwaka 2025 limo katika mkoa wa Burunga. Yeyote aliyepita Barabara ya Taifa namba 3 anaijua nchi hiyo: upande mmoja maji, upande wa pili milima, na katikati ukanda mwembamba ambamo nyumba, michikichi, mwalo wa wavuvi na barabara yenyewe vyote vinagombea nafasi. Sheria ya Maji ya mwaka 2012 iliweka mita 150 kutoka ukingo wa ziwa kuwa ardhi ya umma. Kwa hiyo mahali kama hapo nyumba huweza kuondoka kwa njia mbili, ama kwa maji, ama kwa sheria. Katika njia zote mbili askari huwapo, akiokoa watu au akisimamia amri.

Sasa na tupige hesabu. Tuchukulie nyumba ya kawaida yenye jamvi la zege la mita 10 kwa 8, unene wa sentimita 10. Hizo ni mita 8 za ujazo, na kwa kuwa mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa kilo 2,400 hivi, jamvi hilo peke yake ni tani 19 na zaidi. Lori la tani 7 litakwenda safari tatu kuliondoa, na mafuta ya safari hizo lazima yalipwe na mtu, katika nchi ambayo miaka ya karibuni imesumbuliwa sana na uhaba wa mafuta. Baada ya hapo mwenye nyumba, akipata kiwanja huko juu mlimani, atanunua kokoto mpya na kulipa lori jingine kumpelekea. Hivyo analipa mara mbili, kwanza kutupa mawe, kisha kununua mawe.

Jamvi lile lile likipondwa hapo hapo lilipo, huumuka kwa kadiri ya nusu ya ujazo wake likawa mita 12 hivi za kokoto na vumbi. Jamvi jipya la kipimo hicho hicho lahitaji kokoto zipatazo mita 6 na nusu. Hata tukitoa vumbi na vipande vibovu, sakafu ya zamani yaweza kuzaa kokoto za sakafu mpya, na ikabaki ya kujaza mashimo ya njia.

Lakini tusidanganyane. Kilicho ghali katika zege ni saruji, na saruji ikishakauka hairudi. Sakafu mpya tuliyoitaja itataka mifuko kama 48 ya kilo 50, iwe ya Buceco kutoka Cibitoke au iliyoletwa kutoka Tanzania au Zambia, na kifusi hakitampunguzia mwenye nyumba hata mfuko mmoja. Kinachookolewa ni kokoto na nondo tu. Na kokoto ni bidhaa nzito ya bei ndogo, ambayo safari ikiwa ndefu nauli huimeza faida yote. Ndiyo maana biashara hii hufaa pale kifusi kilipo, au jirani sana. Mtu atakayeleta mashine kubwa ya kusaga mawe Minago, akitarajia kuuza kokoto za kifusi Bujumbura, twamwonea huruma mapema. Milima iko nyuma ya mji na mawe ni tele.

Mawe hayo ya mlimani, hata hivyo, yana gharama isiyoandikwa katika risiti. Kila jiwe linalong'olewa kwenye mteremko, na kila karai la mchanga linalotolewa katika mito kama Dama na Murembwe, hulegeza udongo. Gitaza, katika barabara hiyo hiyo, iliporomokewa na mlima mwishoni mwa Machi 2015, watu wakafa na njia ikafungwa. Hatusemi kuwa wachimba mawe ndio walioleta maafa yale, maana mvua ilikuwa kubwa. Twasema tu kuwa mteremko wa namna hiyo hauhitaji kusaidiwa kuanguka.

Wenzetu wamekwisha kulijaribu jambo hili. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Ujerumani ilibaki na kifusi kinachokadiriwa kuwa mita za ujazo milioni 400. Wanawake walipanga mistari wakipokezana matofali na kuyasafisha kwa nyundo, na matofali yaliyosagwa yakatumika kama kokoto katika maelfu ya nyumba mpya. Karibu nasi zaidi, mwaka 2013 watafiti wa Tanzania na Uholanzi walitoa matokeo ya majaribio ya Dar es Salaam: walifyatua matofali ya zege kwa kokoto za kifusi, na asilimia 85 ya matofali waliyoyapima yalifikia nguvu ya chini inayotakiwa Tanzania kwa ukuta unaobeba mzigo. Kokoto za kifusi ni dhaifu kidogo kuliko za mlimani, na hunywa maji mengi kwa sababu ya chokaa ya saruji ya zamani iliyozigandia. Dawa yake ni kuziloweka kabla ya kuchanganya. Nasi twashauri zitumike katika sakafu, njia, mifereji na matofali, bali nguzo na boriti za ghorofa zipewe kokoto mpya.

Nondo zina habari yake. Nairobi mwaka 2018, yalipobomolewa majengo ya South End na Ukay yaliyokuwa katika kingo za mito, watu walimiminika kugombea chuma hata kabla vumbi halijatua. Mvuto wake twauelewa. Nguzo 12 za urefu wa mita 3, zenye nondo nne nne za milimita 12, zina chuma cha kilo 128 hivi. Lakini mtu agongaye nguzo usiku ili apate chuma huku boriti ingali juu ya kichwa chake, anachimba kaburi lake. Polisi aliyewekwa zamu kwenye gofu asidhani kazi yake ni ndogo. Nondo ziondolewe mchana, kuanzia juu kwenda chini, na zile zilizopindwa na kunyooshwa zisirudishwe katika nguzo ya mtu.

Kambini nako kuna nafasi. Uwanja wa gwaride wenye matope, njia ya kwenda ghala, sakafu ya jiko, mfereji unaokatika kila masika: vyote hivyo hula kokoto nyingi bila kudai nguvu kubwa, na mikono ipo.

Hapo linakuja swali la pili la kichwa cha habari yetu. Kwa maoni yetu, ardhi ikiwa ya umma, kifusi hakiwi cha umma kwa sababu hiyo tu. Zege lile lilinunuliwa mfuko kwa mfuko, mara nyingi kwa fedha ya dagaa na mawese ya miaka mingi, na huenda ndiyo akiba pekee iliyobakia kwa jamaa ile. Lori la kambi au la mkandarasi likilibeba bila kuuliza, limembebea mwenye nyumba sakafu ya nyumba yake ijayo. Apewe siku za kuponda na kuhamisha chake, na orodha iandikwe mbele ya mkuu wa mtaa kabla ya nyundo ya kwanza: jamvi mita ngapi, nguzo ngapi, mabati mangapi. Asiyetaka kifusi chake atie sahihi, ndipo kambi ichukue.