Kabla ya kukompaili gemu, jenga maktaba zake

Ukiwa Saza na bando la simu, swali la kwanza kuhusu kukompaili gemu ya 0 A.D. ni moja: nishushe nini kabla bando halijaisha?

0 A.D. ni gemu huria ya kujenga na kupiganisha falme za kale. Tangu Alpha 23 ya mwaka 2018 ina hata Wakushi wa Mto Nile. Msimbo wake uko wazi, lakini walioiandika hawakuandika kila kitu. Kufungua dirisha na kusoma kibodi wameiachia SDL2, sauti wameiachia OpenAL. Kazi hizo za watu wengine ndizo tunaziita maktaba, na lazima zitangulie. Saza ya machimbo hili halihitaji somo: jiwe halioshwi kabla ya kupita karasha.

Kwenye Debian au Ubuntu, nyingi zinapatikana kwa apt. Hapa wengi hukwama: SDL2 ipo, gemu nyingine zinacheza, ila kompaila inalalamika haioni SDL.h. Haikudanganyi. Kifurushi cha kawaida kina sehemu ya kuendeshea programu tu. Maelezo ambayo kompaila inayasoma yako kwenye kifurushi kingine, libsdl2-dev. Kwa hiyo ukiambiwa faili ya .h haipo, tafuta kwanza kifurushi chenye -dev kabla hujafuta kila kitu kwa hasira.

Mzigo mzito ni SpiderMonkey, injini ya JavaScript ya Firefox. 0 A.D. inaihitaji kwa sababu sheria nyingi za mchezo, na akili ya mpinzani wa kompyuta, zimeandikwa kwa JavaScript. Sasa, Mozilla hubadilisha namna ya kuitumia injini hiyo toleo hadi toleo, ndiyo maana gemu inadai toleo lake maalumu. Inajengwa na skripti build-source-libs.sh iliyo kwenye folda ya libraries, na inataka Rust na Python ziwepo. Angalia: ukichukua msimbo kwa Git, skripti hiyo itaingia tena mtandaoni kuifuata SpiderMonkey. Usiondoke penye intaneti nzuri ukidhani umemaliza. Ianzishe hapohapo, mpaka uone kukompaili kumeanza.

Halafu RAM. Ukiweka -j8 kwenye laptopu ya GB 4, kompaila nane zinagombea nafasi, Linux inaua mojawapo, na unaona neno Killed bila maelezo. Weka -j2. Itachukua muda, vumilia tu.

Maktaba ikikamilika skripti inaacha alama, haitaijenga tena. Umeme ukikatika SpiderMonkey ikiwa katikati, inaanza upya, hivyo subiri betri ijae. Gemu yenyewe haina usumbufu huo: endesha update-workspaces.sh, ingia build/workspaces/gcc, andika make, na ikikatizwa inaendelea pale ilipoishia.