Mapambo na Mamlaka katika Boma la Kijerumani la Bagamoyo

Makala haya yanalichunguza Boma la Bagamoyo, jengo la orofa mbili lililokamilika mwaka 1897 likiwa makao ya utawala wa Kijerumani wilayani. Hoja inayotetewa ni kwamba mapambo yake, ambayo hudhaniwa kuwa heshima kwa usanifu wa pwani, yanakwenda kinyume cha desturi ya pwani yenyewe.

Nyumba ya mawe ya Waswahili haikujionyesha njiani. Ukuta wa nje ulikuwa mweupe na mtupu. Nakshi zilitengewa mlango, na fahari ya mwenyeji ilikuwa katika zidaka za ndani, ambazo mgeni alizifikia kwa kukaribishwa tu. Boma limeupindua mpangilio huo. Matao yake yamewekwa yaonekane kutoka nje, na ukingo wa juu umepambwa kwa meno yanayotokana na ngome, mithili ya Ngome Kongwe ya Unguja. Katika hazina yote ya ujenzi wa Waarabu na Waswahili, wajenzi waliazima sura ya vita.

Wakati ule unaeleza sababu. Makao makuu ya koloni yalikuwa yamekwisha kuhamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891, hivyo Bagamoyo haikuhitaji kasri. Ilikuwa, hata hivyo, na kumbukumbu mbichi ya vita vya 1888 na 1889 chini ya Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani. (Waingereza nao walichanganya mitindo Unguja: Mahakama Kuu ya J. H. Sinclair, ya mwaka 1908, ina sura ya Kiarabu, lakini kwa upole zaidi.)

Chini ya mapambo hayo, Boma ni kazi ya mawe ya matumbawe na chokaa. Sehemu yake iliporomoka mwaka 1998, baada ya mvua kubwa za El Nino. Ukuta wa namna hii hunywa maji na kuyatoa polepole kupitia lipu ya chokaa. Ukipakwa saruji, unyevu na chumvi hubaki ndani na kulila jiwe. Kwa maoni ya mwandishi, mijadala ya uhifadhi imeyatazama mno meno na matao, ikamsahau fundi wa chokaa. Chokaa hukauka taratibu, na mkandarasi mwenye tarehe ya kukabidhi kazi huiona saruji kuwa nafuu.