Kukunja, Kukomea na Kufunga: Istilahi za Kisu cha Kukunja

Mfasiri mmoja alifika ofisini kwetu akiwa na karatasi ya maelezo ya kisu cha kukunja. Kisu chenyewe kilikuwa cha daraja la juu, na mtalii alikuwa amemwachia mwongozaji wake wa mlimani kama zawadi. Mwongozaji alitaka kujua namna ya kukitunza. Mfasiri alikuwa amekwisha kufasiri ukurasa mzima, na alilolitaka kwetu lilikuwa ithibati tu. Tulisoma kwa raha mpaka sentensi ya tatu: “Hakikisha kisu kimefungwa kabla ya kukitumia.” Hapo tukasita. Mistari michache chini yake iliandikwa: “Usikifunge kisu vidole vikiwa njiani.” Je, kisu hiki kifungwe au kisifungwe?

Hatukuona haki kumlaumu mfasiri. Kitenzi kufunga kimebebeshwa mizigo mingi katika lugha yetu: twafunga mlango, twafunga safari, twafunga ndoa, twafunga Ramadhani, na katika kiwanja cha mpira twafunga goli. Msikilizaji huamua maana kwa kutazama kitu kinachofungwa. Lakini kisu cha kukunja kina mambo mawili yanayoweza kuitwa kufunga, nayo ni kinyume kabisa. La kwanza ni kulirudisha bapa ndani ya mpini. La pili ni kulizuia bapa lililo wazi lisirudi ndani ya mpini. Anayesoma “funga kisu” akaelewa la kwanza pale palipokusudiwa la pili hatapata hasara kubwa, atashangaa tu. Lakini anayeamini kwamba kisu “kimefungwa”, yaani kimezuiwa, kumbe hakikuzuiwa, akalisukuma bapa katika ubao mgumu, bapa litamrudia juu ya vidole. Ndiyo sababu tumeona vema kulieleza jambo hili kwa urefu, ingawa wako watakaosema kwamba kisu ni kitu kidogo mno kwa kurasa hizi.

Tuanze na sehemu za kisu, maana huko lugha yetu ni tajiri kuliko wengi wanavyodhani. Sehemu ya chuma ikatayo, kwa ujumla wake, ni bapa. Makali ni ule ukingo tu ulionolewa, na walimu watatusaidia wakiacha kuyachanganya maneno haya mawili. Upande usiokata ni mgongo. Mbele kuna ncha. Mkono hushika mpini. Nyuma ya bapa, pale linapoingia katika mpini, pana sehemu ambayo wafasiri wengi huiita “mkia wa kisu”, au huiruka kabisa. Wahunzi na wakulima wana neno lake tangu zamani: msuka. Ni ile ncha ya jembe ipenyayo katika mpini. Katika kisu cha kukunja msuka haupigiliwi. Umetobolewa, na tundu lake limepitishwa kijiti cha chuma ambacho bapa hukizunguka. Kijiti hicho tunapendekeza kiitwe mhimili, kwa kuwa wanafunzi wamekwisha kulizoea neno hilo katika somo la jiografia, wanaposoma juu ya mhimili wa dunia.

Neno jingine lililotufurahisha ni noleo. Kamusi za zamani zinalieleza kuwa ni pete ya madini inayovishwa mdomoni mwa mpini ili mti usipasuke. Sasa chukueni kisu cha Opinel, kinachotengenezwa Savoie nchini Ufaransa tangu 1890. Si kisu cha bei kubwa, lakini hakuna mpenzi wa visu asiyekijua. Mpini wake ni wa mti, na mdomoni una noleo hasa, kama lile la visu vya babu zetu. Mwaka 1955 Marcel Opinel aliongeza pete ya pili juu ya noleo hilo, yenye mwanya. Pete ikizungushwa, mwanya huondoka mbele ya msuka, na bapa haliwezi tena kujikunja. Neno lililokuwa likielekea kufa kwa kukosa kazi limepata kazi.

Pete hiyo inafanya nini? Hapa ndipo tulipobishana kwa muda mrefu. Pendekezo la kwanza lilikuwa kufuli. Tulilikataa, kwa kuwa kufuli huwazuia watu wengine wasiingie, nalo hutaka ufunguo. Kisu hakimzuii mtu yeyote. Kitasa nacho kina ufunguo. Kizuizi ni neno pana mno, na askari wa barabarani wanalihitaji. Tukabaki na komeo: kile kipande kinachosukumwa nyuma ya mlango ili usisukumike. Hakina ufunguo, husukumwa kwa mkono wa yule aliye ndani, na kazi yake ni kukipa nguvu kitu kisirudi nyuma. Komeo la kisu linafanya kazi iyo hiyo. Tena neno hili linatupa vitenzi viwili vilivyo tayari, kukomea na kukomoa. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba bapa likunjwe na likunjuliwe, likomewe na likomolewe, na kwamba kitenzi kufunga kisitumike kabisa katika maelezo ya kisu cha kukunja, hata pale kinapoonekana hakina madhara. Sentensi ya tatu ya mfasiri wetu sasa inasomeka hivi: “Hakikisha bapa limekomewa kabla ya kukitumia kisu.” Na ile nyingine: “Usilikunje bapa vidole vikiwa njiani.”

Mwenzetu mmoja alipinga akisema kwamba kukomoa, mitaani, ni kumtesa mtu kwa makusudi ili ajute. Ni kweli. Lakini hatuoni kwamba mtu ataogopa kukikomoa kisu kwa kuwa jirani yake alimkomoa jana.

Faida ya komeo ilionekana zaidi tulipofika kwenye aina zake, maana visu vya daraja la juu hutofautiana hapo kuliko penginepo. Kisu cha Buck 110 cha Marekani, kilichoanza kuuzwa mwaka 1964, kina pao la chuma mgongoni mwa mpini, ambalo jino lake huingia katika pengo la msuka. Hilo tunaliita komeo la mgongo. Mapema katika miaka ya 1980 mhunzi Michael Walker, Mmarekani pia, aliboresha namna nyingine. Ndani ya mpini mna mabati membamba yanayoushikilia. Bati moja limechanjwa likawa kama springi, na bapa likikunjuka bati hilo huruka likasimama nyuma ya msuka. Mabati hayo tumeyaita bitana, kama ile ya koti, kwa kuwa yako ndani na hayaonekani sana. Basi hilo ni komeo la bitana. Chris Reeve, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Idaho nchini Marekani mwaka 1989, aliiondoa bitana na kuufanya ubavu wa mpini wenyewe, ulio wa titani, kuwa springi. Hilo ni komeo la mpini. Ukiongeza komeo la noleo la Opinel, umepata ukoo mzima wa istilahi kutokana na neno moja, na msomaji akisikia jina anajua pa kutafutia kwa kidole chake.

Kisu hicho cha Reeve, ambacho bei yake hupita dola 400 za Marekani, kinaitwa Sebenza. Wanunuzi wake wengi Marekani na Ulaya hulitamka jina hilo pasipo kujua kwamba ni Kizulu, ndugu ya Kiswahili, na kwamba maana yake ni kufanya kazi. Kinatajwa miongoni mwa visu vilivyowafundisha watu kudai usahihi mkubwa katika kisu cha kiwandani, na jina lake halikutafutwa katika Kilatini. Tunalitaja hili kwa ajili ya wale wanaotuandikia mara kwa mara kwamba lugha za Kibantu hazifai mambo ya ufundi.

Sasa tuje kwenye matunzo. Wenye visu hivi wana neno moja kwa kazi ya kukikaza, kukilegeza na kukiweka sawa kisu mpaka kiende kama mwenyewe apendavyo. Mfasiri wetu aliandika kutengeneza, lakini anayetengeneza ana kitu kilichoharibika. Kusawazisha kunatosha. Anayesawazisha huangalia mambo mawili. Kwanza, bapa likikunjwa linalala katikati ya mpini, au linaegemea ubavu mmoja? Pili, bapa lililokomewa linacheza? Tunasema linacheza kama tusemavyo jino linacheza. Likicheza kushoto na kulia, parafujo ya mhimili imelegea. Ikazwe kidogo kidogo, robo ya mzunguko au chini ya hapo, huku bapa likijaribiwa kila mara. Likicheza juu na chini, kosa liko katika komeo, na kukaza parafujo hakutasaidia. Kutafanya bapa liwe zito tu. Tofauti hii haina budi kuhifadhiwa katika tafsiri, kwa kuwa tiba zake ni mbili. Kati ya bapa na mpini huwamo washa, mara nyingi za shaba nyeusi. Neno hilo tumeliacha kama mafundi wanavyolitumia.

Hapa pana mtego mwingine wa maneno. Parafujo za vingi vya visu hivi zina kichwa chenye shimo la nyota ya ncha sita. Mfasiri akiandika “bisibisi ya nyota”, fundi wetu ataleta ile yenye msalaba, kwa kuwa ndiyo aijuayo kwa jina hilo, naye ataula mdomo wa parafujo ya kisu cha dola 400 kwa mzunguko mmoja. Iandikwe kwa ukamilifu: bisibisi ya nyota ya ncha sita. Urefu wa jina ni gharama ndogo.

Kuhusu madini ya bapa tumefufua feleji. Wazee walilitumia kwa chuma bora cha panga, wakati pua lilikuwa jina la jumla. Visu vya daraja la juu hutumia chuma kilichoyeyushwa, kikapulizwa kwa hewa ya gesi mpaka kikawa unga, kisha unga ukashindiliwa kwa joto na nguvu ukawa kitu kimoja. Tunapendekeza feleji ya unga. Mfano wake ni S30V, iliyotoka mwaka 2001, yenye kaboni karibu asilimia 1.45, kromu 14, vanadi 4 na molibdeni 2. Vanadi ikiungana na kaboni hufanya chembe ngumu kuliko chembe za vinoo vingi vya kawaida. Kwa hiyo feleji hiyo hukaa na makali muda mrefu, lakini ikishaisha makali humsumbua mwenye kinoo cha kawaida. Hunolewa vizuri zaidi kwa kinoo cha almasi. Pembe ya kunolea ni kama digrii 15 hadi 20 kwa kila upande.

Hata kromu asilimia 14 haiondoi kutu, huichelewesha. Anayeishi pwani, penye hewa ya chumvi, akikata embe bichi au ndimu na akikikunja kisu pasipo kukifuta, atakuta madoa. Dawa ni maji matamu, kitambaa kikavu na tone moja la mafuta katika mhimili. Mafuta mengi hukusanya mchanga. Bapa la Opinel la chuma cha kaboni hugeuka jeusi kwa maji ya matunda. Weusi huo si kutu, nao usiitwe kutu: kutu hula chuma, na weusi huo hukikinga kwa kiasi. Mpini wake wa mti nao ukilowa huvimba ukalibana bapa, na hapo mtu asitafute bisibisi, akianike kivulini.

Limebaki jambo moja ambalo hatujalikata. Kisu kikinolewa upande mmoja, chuma chembamba kama uzi hujikunja upande wa pili wa makali. Mnoaji hukipapasa kwa kidole, na kikiwapo kote kote anajua kwamba wakati wa kugeuza umefika. Mwishoni hukiondoa kwa kukipitisha kisu juu ya ngozi. Lugha nyingine zina neno lake. Tumewauliza wauza nyama na washona viatu. Wote wanakijua, wote walituonyesha kwa dole gumba, na hakuna aliyetupa jina. Wengine katika ofisi wanataka uzi wa makali, wengine wanaona litachanganywa na kazi ya cherehani. Msomaji ambaye kwao wanoaji wana neno la kitu hiki, aliandike pamoja na mahali linapotumika, atuletee kabla ya orodha kwenda kwenye kamati.