Kisu Kimemaliza Kazi, Mguu Bado

Ndugu msikilizaji, juma lililopita mama mmoja alinifuata kwenye lango la kituo chetu, amemshika mkono mwanawe wa miaka sita. Mtoto huyo alizaliwa na mguu kifundo, yaani wayo uliopindia ndani na kisigino kilichovutwa juu. Alipasuliwa huko mkoani kabla hajatimiza miaka miwili.

"Kaka, tuliambiwa amepona," akasema. "Mbona anajikwaa, na shuleni wanamwita kiguru?" Nyumbani baba amekwishakata shauri: hospitali basi, na kosa ni la mama.

Leo nataka kusema na baba huyo.

Mguu kifundo humpata takriban mtoto 1 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa, wavulana wengi kuliko wasichana. Si laana, wala mama hakuvunja mwiko wowote.

Kwa nini basi aliyepasuliwa aendelee kuchechemea? Upasuaji mkubwa hukata na kurefusha kano, na kufungua viungo vya wayo. Kovu likikauka hukaza. Wayo unaonekana umenyooka, lakini ni mgumu: mtoto hachuchumai vizuri, na akitembea mwendo mrefu unamuuma.

Pili, mguu huweza kurudi ulikotoka. Mtoto anapokua, wayo huanza tena kugeukia ndani, naye akakanyagia upande wa nje au vidole. Mzazi, tazama soli ya kiatu. Ikiwa imelika upande wa nje tu, usingoje. Wako pia ambao wayo wao ulinyooshwa kupita kiasi, ukawa bapa na kulalia ndani.

Shavu la mguu huo kuwa jembamba, au wayo kuwa mfupi kidogo kuliko mwenzake, ni hali ya kawaida ya mguu kifundo. Hilo lisikutie hofu.

Madaktari wenyewe wamejifunza. Dakta Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani, alianza katika miaka ya 1940 kunyoosha nyayo hizi kwa mikono na plasta ngumu inayobadilishwa kila juma, kwa kawaida mara tano hadi saba. Wengi hutobolewa kidogo tu kano ya kisigino. Kisha mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, usiku, hadi miaka minne au mitano. Leo ndiyo tiba inayotangulizwa duniani, na hapa Dar es Salaam CCBRT ni miongoni mwa wanaoitoa. Wazazi wakiviacha viatu hivyo mapema, mguu hurudi.

Na aliyekwisha kupasuliwa? Naye ana njia. Mguu uliorudi mara nyingi hufungwa plasta tena. Wengine huhamishiwa kano moja ya mbele ili ivute wayo upande wa nje. Wengine huhitaji mazoezi ya viungo, au kiatu kinachofaa.

Mama yule nilimwomba jambo moja: arudi kliniki, na safari hii baba aende naye. Akae mbele ya daktari, aone wayo wa mwanawe ukikunjwa, aulize mwenyewe. Akitoka hapo, sidhani kama atamlaumu tena mkewe.

Kwa leo ni hayo. Tukutane juma lijalo.