Kabla ya Kulipia Hoteli, Soma Maudhui Yake

Mwalimu mmoja niliyepata kumfundisha alinijia juzi akiwa na mashaka. Yeye na wenzake kumi na wawili wamekuwa wakiweka akiba tangu Januari ili wakapumzike pamoja wakati wa likizo ya Desemba. Fedha sasa zipo, ila maelewano hayapo. Baadhi yao wanataka hoteli iliyojengwa mfano wa safina. Wengine wanataka ile iliyopambwa kama jumba la Mswahili wa kale. "Daktari," akaniuliza, "ipi iliyo bora?"

Nilimjibu kwamba swali lake lina kasoro. Hoteli za aina hii, ambazo kila kitu chake tangu paa hadi mapishi kimekusudiwa kusimulia jambo moja, ni kama vitabu. Na hakuna kitabu kilicho bora kwa kila msomaji. Sisi walimu, ambao kila siku tunawahimiza wanafunzi watenganishe fani na maudhui, yatupasa tufanye vivyo hivyo tunapotumia fedha zetu. Fani ya hoteli huonekana katika picha. Maudhui yake hubainika mtu anapolala humo.

Tuchukue mfano wa The Ark, iliyofunguliwa mwaka wa 1969 katika msitu wa Aberdare. Jengo lake lina umbo la safina ya Nuhu, na mgeni huliingia kwa kupitia daraja refu la mbao. Hiyo ni fani. Maudhui yake ni kimya na subira: mgeni huketi akitazama kidimbwi wanapokuja ndovu na nyati kunywa maji na kulamba chumvi, na usiku kengele humwamsha mnyama adimu anapotokea. Hapa umbo na shughuli vinapatana. Hata hivyo, anayependa muziki na gumzo hadi usiku wa manane atajiona amefungwa, tena katika baridi ya mlimani.

Mfano wa pili ni wangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nililala katika hoteli moja ya Pwani iliyojinadi kuwa ya Kiswahili. Mlango ulikuwa wa nakshi, ukutani mlikuwa na zidaka, na darini boriti. Sasa, katika nyumba za mawe za Lamu, mji ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi za dunia mwaka wa 2001, vyumba ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Katika hoteli ile, boriti zilikuwa zimebandikwa chini ya dari pana ya saruji, hazikubeba chochote. Baraza nalo lilikuwepo, lakini ndani ya ua uliolindwa na askari, asikopita jirani hata mmoja. Baraza lisilo na mpita njia ni benchi tu.

Mhudumu kijana akanilaki kwa "Jambo!" Nikamjibu, "Sijambo. Hujambo wewe?" Akageuka kutazama nyuma, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sijambo, mzee. Shikamoo." Kumbe alikuwa ameagizwa kuwasalimu wageni wote kwa neno lile moja!

Nisieleweke vibaya. Bahari ilikuwa safi, samaki alikuwa mtamu, na watoto wangu hawakutaka kurudi nyumbani. Kosa lilikuwa langu: mimi nilitaka Uswahili, nao walikuwa wakiuza bahari.

Aidha, hapana budi kuuliza ni nani anayesimulia. Treetops ilijengwa juu ya mti karibu na Nyeri mwaka wa 1932. Ilivuma duniani kwa kuwa Binti Mfalme Elizabeth alikuwa huko Februari 1952, usiku ambao baba yake alifariki naye akarithi ufalme. Mwaka wa 1954, wakati wa vita vya Mau Mau, iliteketezwa kwa moto, na mwaka wa 1957 ikajengwa upya. Visa hivi viwili ni vya hoteli moja. Mwalimu wa historia anayekwenda mahali pa namna hiyo aulize mapema kama atasimuliwa vyote viwili.

Basi nilimshauri mwalimu yule awape wenzake karatasi, kila mmoja aandike angependa kuwa akifanya nini saa kumi za alasiri na saa tatu za usiku. Majibu hayo ndiyo yatakayochagua hoteli. Kisha wamwulize meneja, kwa maandishi, bei inajumuisha nini, ada ya kuingia mbugani italipwa na nani, na kama watoto wadogo wanaruhusiwa.

Akiba ya mwaka mzima wa mwalimu si fedha za kuchezea. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tuufunue mkakasi kabla ya kuununua.