Nani Alilipunguza Gauni la Mcheza Bale?

(Maoni haya yalisomwa redioni katika kipindi chetu cha kila wiki.)

Ndugu wasikilizaji, wako watu ambao wakimwona mcheza bale kwenye televisheni huona haya, hasa kama mkwe yuko sebuleni. Wanaiona ile sketi fupi, wanatikisa kichwa na kusema, "Wazungu bwana!" Wanadhani mchezo huo ulizaliwa na sketi hiyo. La hasha. Waliouanzisha walivaa nguo nzito na za kufunika kuliko hata za bwana harusi wa leo. Gauni lilipunguzwa kidogo kidogo. Leo tuitazame safari hiyo.

Tuanzie Ufaransa. Bale ilikulia katika jumba la mfalme. Mfalme Louis wa 14 alikuwa mchezaji hodari yeye mwenyewe, na mwaka 1661 alianzisha chuo cha kifalme cha ngoma mjini Paris. Mchezo ulipohamia katika ukumbi wa Opera, ambako raia walilipa kiingilio, sehemu za wanawake zilichezwa na wanaume waliovaa barakoa. Wanawake wenye kucheza kwa kazi walipanda jukwaa hilo mwaka 1681.

Sasa fikirini walivaa nini. Kwa kuwa mchezo ulitoka kwa mfalme, mavazi nayo yalitoka kwa mfalme. Katika karne ya 18 mwanamke wa heshima alivaa kisibau cha kubana kilichotiwa vijiti vya mfupa wa nyangumi. Chini yake alifunga kiunoni fremu ya kutanua gauni kushoto na kulia. Wafaransa waliiita fremu hiyo kwa neno lenye maana ya vikapu, na kweli mvaaji alikuwa kama mtu aliyefungwa tenga kila upande. Magauni mengine ya sherehe yalizidi upana wa mita moja, na mwenye gauni aliingia mlangoni kiubavu. Mcheza bale alivaa hayo hayo, akaongeza viatu vya visigino virefu, wigi na barakoa. Mwanamume naye alivaa kisketi kigumu kilichotanuliwa kwa fremu.

Mtauliza, mtu aliyevaa hivyo anarukaje? Jibu ni kwamba haruki. Anatembea kwa madaha, anainama, anageuka, na watazamaji wanaangalia nyuzi za dhahabu zikimetameta kwenye mwanga wa mishumaa.

Hapo ndipo anapoingia Marie Camargo, binti aliyezaliwa Brussels mwaka 1710. Alionekana mara ya kwanza kwenye Opera ya Paris mwaka 1726. Kipaji chake kilikuwa miguuni: aliruka na kuipishanisha miguu hewani kwa kasi, jambo lililohesabiwa kuwa la wanaume. Lakini kuna faida gani kuwa na miguu ya namna hiyo ikiwa imefichwa chini ya gauni linalofagia sakafu? Camargo akalipandisha gauni lake hadi juu kidogo ya kifundo cha mguu. Ni hapo tu, ndugu zangu! Leo gauni hilo lingevaliwa kanisani na hakuna ambaye angegeuza shingo. Wakati ule mji mzima ulibishana. Baadaye, kama kawaida ya watu, waliokuwa wakisema ndio waliotaka viatu na mitindo ya nywele yenye jina lake.

Mwenzake na mshindani wake, Marie Sallé, alikuwa na shida tofauti. Yeye hakutaka kuruka sana, alitaka kusimulia hadithi kwa mwili. Januari 1734 alicheza London, katika ukumbi wa Covent Garden, hadithi ya mchongaji aliyependa sanamu yake hadi ikapata uhai. Sallé ndiye aliyekuwa sanamu. Akajiuliza: je, sanamu ya Kigiriki inavaa tenga? Akatoka bila fremu, bila kisibau, nywele zimeachwa wazi, amevaa vazi jepesi la melimeli lililofuata umbo lake. Gazeti moja la Ufaransa lilichapisha habari hiyo kwa mshangao. London ilimshangilia. Mwaka uliofuata, katika opera ya Handel iitwayo Alcina, alivaa mavazi ya kiume, na watazamaji wa mji huo huo wakamzomea. Akarudi Paris.

Katika tamthilia za maneno nako mambo yalikuwa hivyo hivyo. Waigizaji wengi walijinunulia mavazi kwa fedha zao, au walipewa magauni yaliyochoka na wake za wakubwa. Kwa hiyo malkia wa Roma ya kale alitoka jukwaani akiwa amevaa kama bibi wa Paris. Mwaka 1755 Voltaire alitoa tamthilia iliyohusu China. Mwigizaji maarufu, Mademoiselle Clairon, akaingia bila ile fremu. Nguo nyingi alizokuwa amezilipia zikakosa kazi, lakini akasema afadhali hasara kuliko uongo. Tena ikumbukwe kwamba hadi mwaka 1759 matajiri walikaa kwenye viti juu ya jukwaa lenyewe, pembeni mwa waigizaji. Changanyeni viti hivyo na magauni hayo, mtaona nafasi ya kuigiza ilivyokuwa finyu.

Aliyeziweka hoja zote hizi kwenye maandishi ni Jean-Georges Noverre, mtunzi wa bale. Mwaka 1760 alichapisha kitabu cha barua kuhusu ngoma. Alisema: ondoeni barakoa, kwa sababu uso ndio unaosema huzuni na furaha. Ondoeni fremu na mawigi makubwa. Wakubwa wa Opera hawakuharakisha. Barakoa ilianza kuanguka mwanzoni mwa miaka ya 1770, na sababu inachekesha. Maximilien Gardel aliombwa kushika nafasi ya nyota mwenziwe, Vestris. Akakubali kwa sharti kwamba acheze uso wazi, ili sifa zisiende kwa mwingine! Noverre mwenyewe aliupata uongozi wa bale ya Opera mwaka 1776, kwa msaada wa Malkia Marie Antoinette, aliyekuwa mwanafunzi wake tangu Vienna. Tarehe ya kuzaliwa kwake, 29 Aprili, ndiyo Siku ya Kimataifa ya Ngoma tangu mwaka 1982.

Lakini msidhani watu hawa, pamoja na hariri zao, waliheshimiwa. Watu waliowashangilia usiku waliwatenga mchana. Kanisa la Ufaransa liliwanyima waigizaji mazishi ya Kikristo wasipoikana kazi yao. Adrienne Lecouvreur, aliyependwa kuliko waigizaji wote wa kike wa Paris, alipofariki mwaka 1730 alizikwa usiku, bila sala, mahali pasipo alama. Ni hadi Desemba 1789, mapinduzi yalipokwisha kuanza, ndipo waigizaji wa Ufaransa walipopewa haki sawa na raia wengine.

Basi jamani, tunaiga nini tunapomhukumu msanii kwa kipande cha nguo? Camargo alipunguza gauni ili miguu ifanye kazi. Sallé alivua tenga ili hadithi ieleweke. Gardel alivua barakoa ili ajulikane. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kikazi. Siku nyingine mkwe akiwapo sebuleni, msikimbilie kubadili chaneli. Mwambieni habari ya yule binti wa Brussels na kifundo chake cha mguu. Huenda naye akabaki kutazama.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.