Fahamu: Famasia au meno, wapi pagumu kuingia?
Mtahiniwa wa Thika au Ruiru anayetaka famasia ana vyuo karibu: Mount Kenya University mjini Thika, na JKUAT pale Juja, kati ya miji hiyo miwili. Udaktari wa meno utampeleka Chuo Kikuu cha Nairobi au Moi, Eldoret, na nafasi ni chache kwa kuwa kila mwanafunzi lazima atibu kwa mkono wake, mgonjwa akiwa kitini na mwalimu akitazama. Ndiyo maana naona meno ndiyo mlango mwembamba zaidi. Utaniambia alama za KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo, ndizo kipimo. Lakini alama hizo, kati ya 48, ni za aliyeingia mwisho mwaka uliopita. Waombaji wakiongezeka, hupanda. Basi uliza pia nafasi ni ngapi.